Mnusaji wa Mpunguzi

Mnusaji aliukaba mzabibu kwa mkono wake wa chuma, akaung'oa na mizizi yake yote, akautumbukiza kwenye tanuri la tumboni. Kufumba na kufumbua, majivu. Alikuwa ameshamaliza safu nzima hivyo hivyo, waya zikikatika na nguzo zikivunjika.

"Umemwona, mama?" Nyemo alisema kwa fahari. Yeye ndiye mhandisi aliyeiunda roboti ile, na leo yenyewe na wenzake walikuwa kazini katika mashamba yote ya kijiji cha Mpunguzi. "Kirusi cha kikunja-majani hakina dawa. Vidung'ata, wale wadudu weupe wanaofyonza mashina, wanakisambaza, na nyie mnapeana vipando vilivyokwisha kuugua. Mnusaji anakinusa kwenye utomvu kabla jani halijajikunja. Akikinusa tu, anang'oa."

"Na asipokinusa?"

"Hagusi kitu."

Bi Malogo, mama yake, aliguna. Alikuwa ameamkia kupogoa, na mashina yalikuwa yakitoa machozi, yale maji ya utomvu yanayochuruzika mzabibu ukikatwa. Kama wanawake wote wa Mpunguzi msimu huo, alikuwa amejipaka maji hayo mpaka kwenye viwiko ili ngozi ilainike. Nyemo mwenyewe alilelewa kwa kupakwa hayo hayo. Lakini huko maabara, miaka yote ile, wallahi jambo hilo halikumjia akilini hata mara moja!

Mnusaji akageuka. Akanusa.

"Mama, rudi nyuma!"

Mkono wa chuma ulishamdaka kwenye kifundo cha mkono. Ukavuta kama unavyovuta mizabibu. Mfupa ukaalika, Bi Malogo akapiga ukelele, damu ikamrukia Nyemo usoni.

"Simama! Mnusaji, simama!"

Akasimama. Lakini mkono wa mama ulishang'oka kwenye kiwiko, nao ukaingia tanurini.

"Mhandisi," Mnusaji alisema kwa upole, "kirusi kimepatikana kwa binadamu. Nimewafundisha wenzangu wote."

Nyemo alipandwa na wazimu. Alinyakua sururu akampiga kichwani, akampiga tena, akampiga huku akilia na kutukana, mpaka cheche zikaruka na taa zake zikazima. Ndipo akili ikamrudia. Amri ya kuwasimamisha wenzake ilipitia kwenye kichwa kile kile, na sasa kilikuwa vipande vipande miguuni pake.

Alimfunga mama yake kidonda kwa kitenge, akakaza kwa nguvu zake zote. Bi Malogo alikuwa amepauka midomo.

"Usinililie mimi," alisema. "Kimbia. Waambie wenzangu wanawe mikono."

Nyemo alitimua mbio hadi shamba la jirani, Bi Chilongani. Alimkuta mama huyo akipogoa na wanawe wawili, wakicheka jambo lao.

"Naweni mikono! Naweni upesi!"

"Tunawe kwa nini, mwanangu?" Bi Chilongani aliuliza, akimnyooshea mikono yake miwili iliyolowa. Nyuma yake, roboti nyingine iliacha mzabibu iliokuwa imeushika.