Maziwa ya Mama Eunike

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Eunike alikata majani ya ng'ombe, akateka maji mferejini, kisha akampikia mama yake uji. Ilikuwa zamani za Waingereza, na nyumba yao ilijificha kati ya migomba na mibuni, juu ya Usa River. Eunike alikuwa na miaka kumi na miwili. Kwa kazi, hukumpata mvivu. Ila ulimi wake, jamani, ulikuwa mkali kuliko mundu wake.

Mama alikuwa amejifungua Bariki mwezi uliopita. Kwa desturi ya Wameru, mama aliyejifungua hukaa ndani akitunzwa, na wanawake humletea mtori, supu nzito ya ndizi, na mazungumzo. Lakini mwaka ule uzazi uligongana na mavuno ya kahawa, na kila mkono ulikuwa mibunini. Aliyefika kila siku alikuwa mmoja tu, jirani yao Magdalena, mama yake Thomasi.

Siku moja Bariki alilia sana. Mama Thomasi akatikisa kichwa. "Huyu ana njaa. Maziwa yako ni mepesi, dada."

Maneno yale yakamkaa mama moyoni kama mwiba. Tangu hapo, mtoto akilia kidogo, alisema, "Si mnaona? Hayamtoshi." Akamtoa ziwani upesi na kumnywesha maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa maji. Bariki akaanza kuharisha na kukonda. "Nitamwachisha kabisa," mama alisema huku akilia. Eunike aliogopa kwamba mdogo wake atakufa, na hofu ile ikageuka hasira.

Kesho yake alimngojea Mama Thomasi mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mama yupo?"

"Yupo, lakini usiingie. Tangu useme yale maneno, maziwa yake yanakauka. Usije tena."

Mama Thomasi aliweka chini bakuli la mtori, akaondoka. Eunike aliona ameshinda vita. Kumbe ndiyo kwanza ameharibu. Sasa mama alishinda peke yake, akiwaza na kulia, na maziwa yakazidi kuwa haba.

"Nilikuwa na mtu mmoja tu wa kuongea naye," alisema, "na huyo umenifukuzia."

Jumamosi alifika Kandida, mkunga wa zahanati. Alimpima mtoto, akamtazama mama kwa makini.

"Maziwa unayo," alisema. "Hofu inayazuia yasishuke. Acha hayo ya ng'ombe, mnyonyeshe kila anapotaka, usiku na mchana. Akinyonya sana, nayo yatakuja kwa wingi. Ila usikae na mawazo peke yako. Nani huja kuketi nawe?"

Mama alimtazama Eunike. Eunike alitazama chini, uso ukamwaka kwa aibu. Kisha akanyanyuka, akaenda mpakani mwa shamba, akachuma jani la sale na kulifunga fundo. Kwa Wameru, anayeletewa sale kuombwa msamaha hafungi mlango. Alilipeleka kwa Mama Thomasi, akampa kwa mikono miwili.

"Nimekukosea, mama," alisema. "Nakuomba urudi. Mama anakuhitaji, na Bariki pia."

Mama Thomasi alilipokea.

"Nami nimekosa," alisema. "Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa kwenye kambi ya vibarua, shambani kwa mzungu. Sikuwa na ndugu wala jirani. Niliogopa mno, nikamwachisha mapema, na sikupata tena raha. Hofu yangu ndiyo niliyomtwisha mama yako."

Jioni hiyo hiyo alirudi. Alimkanda mama mgongo, akamsimulia vituko vya kambini, na Bariki akilia alisema tu, "Mrudishe ziwani, dada. Unaweza." Eunike naye alichemsha mtori, akafua nepi, akalisema neno lile lile kila siku: "Unaweza, mama." Kulikuwa na siku mama alitaka kukata tamaa. Hawakumwacha.

Kandida aliporudi baada ya majuma kadhaa, Bariki alikuwa amelala kifuani kwa mama, mashavu yamejaa, maziwa yakimchuruzika kidevuni. Mama alicheka kwa sauti, jambo ambalo Eunike hakulisikia tangu mavuno yaanze.

Kandida alimshika Eunike bega. "Umeona, binti? Mama anayenyonyesha hula mara mbili: chakula anachopikiwa, na maneno mema anayoambiwa na watu. Ukimnyima hayo ya pili, hata mtori haumfai."

"Nimeona," Eunike alisema, akachukua bakuli la Mama Thomasi, akalijaza mtori, akamrudishia mwenyewe.