Pampu ya Oili Ilipochoka

Ditram alikuwa mkulima wa Vidunda. Kila Jumatano alipakia ndizi na maharage kwenye pikapu yake, akashuka mlima, akapita Ruaha na kwenda kuuza Mikumi. Pikapu ilikuwa kuukuu, lakini kitongojini kwao hapakuwa na gari jingine. Ilishusha mazao, na ilishusha wagonjwa.

Jumatano hiyo moyo wake haukutulia tangu alfajiri. Vaileth, mke wa mwanawe Yared, alikuwa karibu kujifungua. Mtoto wa kwanza alimpata kwa upasuaji. Muuguzi wa zahanati alikuwa amewaambia, "Safari hii asisubiri uchungu nyumbani. Ikifika Jumamosi awe ameshashuka, akae karibu na hospitali. Na asipande pikipiki."

Yared alikuwa kazini kwenye mashamba ya miwa. Ditram aliahidi kumshusha mkwewe mwenyewe.

Alipofika Mikumi, taa nyekundu ya oili iliwaka mbele yake. Alikanyaga mafuta, ikazima. Alipunguza mwendo, ikawaka tena. Akashusha mzigo haraka haraka, huku akiitazama pikapu kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Lusekelo, dereva mwenzake, alikuja kuchungulia.

"Taa tu hiyo," alisema. "Weka oili nzito, uondoke. Ikiendelea kukusumbua, kata waya wake."

"Na injini je?"

"Si inaunguruma vizuri?"

Ditram alitamani kumsikiliza. Lakini alikumbuka mlima, akamkumbuka Vaileth. Akazima injini. Vijana wa sokoni wakamsaidia kuisukuma pikapu hadi gereji ya Yassin.

Yassin alikuwa fundi mtaratibu. Babu yake alitengeneza injini za treni pale Kilosa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fundi, nina haraka. Nifungie pampu mpya ya oili niondoke."

"Umejuaje kwamba ni pampu?"

Ditram aliinyooshea kidole ile taa nyekundu.

Yassin alichomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilitosha, ila ilikuwa nyeusi tii. Kisha akafungua swichi ya ile taa, akafunga geji ya kupima msukumo wa oili mahali pake. "Huenda swichi ndiyo mbovu," alisema. "Geji itatuambia ukweli."

Waliwasha injini. Ilipokuwa ya baridi, mshale wa geji ulipanda. Ilipopata moto, mshale ulishuka hadi karibu na sifuri. Yassin akazima mara moja.

"Taa haikudanganya," alisema. "Oili haisukumwi vya kutosha. Vyuma vinasagana bila ulainisho. Ungepanda mlima hivi, injini ingekamata na kufia njiani."

"Kwa hiyo oili nzito haisaidii, wala kukata waya wa taa?"

"Inaficha ugonjwa siku mbili tatu. Na kukata waya ni kumziba mgonjwa mdomo asilie."

Alifungua injini kwa chini, akakagua beringi na chujio la wavu lililo chini ya pampu. Beringi zilikuwa bado nzima. Akaitoa pampu na kuifungua mezani. Ndani mlikuwa na gia mbili ndogo, meno yamelika.

Ditram alifurahi. "Basi badilisha hizo gia tu. Nimesikia zinauzwa peke yake, tena kwa bei nafuu. Leo hii nirudi nyumbani."

"Ngoja kwanza, mzee. Pitisha kidole hapa."

Ditram alipitisha kidole ndani ya bodi, lile ganda la pampu. Kilikwama kwenye mikwaruzo. Yassin akaleta kipande chembamba cha chuma cha kupimia nafasi, akakipenyeza kati ya gia na bodi. Kilipita bila kugusa.

"Bodi ingekuwa laini, na nafasi hii iwe ndogo kama kitabu cha gari kinavyotaka, ningekuwekea gia mpya na mambo yangeisha. Lakini bodi nayo imelika. Ukiweka gia mpya humu, oili itaendelea kurudi kwa pembeni. Hapa ni kubadilisha pampu nzima."

"Imelikaje?"

"Oili ulibadilisha lini?"

Ditram alitazama chini. "Kabla ya mavuno ya mwaka jana."

"Oili ikichakaa hula chuma," alisema Yassin. Aliagiza pampu Morogoro, ije kwa basi.

Alhamisi pampu ilifika. Yassin aliiweka kando ya ile kuukuu, akatikisa kichwa. Matundu ya boliti hayakulingana.

"Ilazimishe," alisema Ditram.

"Siilazimishi, mzee. Nairudisha."

Ditram alitoka gereji, akatembea hadi barabara kuu, akarudi, akaenda tena. Mwishowe alimpigia simu mkewe, Hildegarda.

"Baba Yared, tulia," alisema Hildegarda. "Vaileth huyu hapa, anapukuchua mahindi. Hana uchungu wowote. Afadhali uchelewe na gari zima kuliko uwahi na gari bovu."

Ijumaa asubuhi pampu sahihi ilifika. Yassin aliijaza oili kabla ya kuifunga, isianze kazi ikiwa kavu. Alisafisha lile chujio la wavu, akaweka filta mpya na oili mpya. Injini ilipopata moto, mshale wa geji ulisimama imara. Ndipo akairudisha swichi ya taa.

"Baada ya wiki mbili mwaga oili hii," alisema. "Kuna vumbi la chuma lililobaki ndani. Baadaye fuata ratiba. Na taa ikiwaka, zima injini pale pale."

Jumamosi Ditram alimshusha Vaileth, taratibu. Karibu na Ruaha trekta la miwa lilikuwa limeziba barabara. Injini ilikuwa ya moto, ikiunguruma kwa sauti ya chini. Ditram hakuondoa macho kwenye dashibodi.

"Baba, mbona unaangalia hapo tu?" aliuliza Vaileth.

"Naangalia taa."

"Mbona haijawaka?"

"Huko kutowaka ndiko ninakoangalia."

Vaileth alicheka, akaegemeza kichwa dirishani. Njia ilipofunguka, alikuwa amesinzia.

Jumanne alijifungua mtoto wa kike kwa upasuaji, salama. Walikaa kwa ndugu pale Mikumi hadi kidonda kikapona. Siku ya kuwarudisha nyumbani, wiki mbili alizosema fundi zikiwa zimetimia, Vaileth alimkuta Ditram gerejini kwa Yassin. Oili chafu ilikuwa ikidondoka polepole ndani ya karai.

"Tunaondoka, baba?"

"Bado, mwanangu," alisema Ditram, akamvutia kiti. "Kaa. Acha iishe yote."