Bei Iliyoombewa

Ndugu zangu, akina mama na akina baba, tegeni sikio. Habari hii ni ya nyumba moja ya Bigwa, pale mtaa unapoanza kupanda kuelekea mlimani. Asubuhi, ukungu ukiteremka kutoka Uluguru, mzee Stefano alizoea kuketi barazani akinywa chai kwa shelisheli la kuchemsha. Mkewe, Scholastika, alifagia majani huku akimtania kwamba anatafuna kwa kelele kuliko mbuzi wa jirani. Walikuwa watu wa amani, wasio na ugomvi na mtu.

Kisha kiharusi kikampiga Stefano upande wa kulia. Alipata nafuu, lakini ulimi ukawa mzito na mguu ukawa wa kuburuta. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwambia Scholastika bila kuficha: "Mama, mguu huu bado unaweza kurudi. Atembee kila siku mahali tambarare. Ukimwacha akae tu, utakakamaa."

Tambarare wangeipata wapi? Kutoka barazani hadi barabarani palikuwa na ngazi za mawe, tena zenye utelezi kila mvua inaponyesha. Basi wakakubaliana wauze nyumba ile, wanunue ndogo kule Kihonda, ambako mtu hutembea bila kupanda wala kushuka.

Dalali wao, kijana aitwaye Frank, aliizunguka nyumba, akagonga kuta, akasema itauzika upesi kwa milioni sitini.

"Sitini?" Scholastika alicheka. "Mwanangu, umeziona hizi kuta? Tangaza themanini."

Mpaka hapo hapakuwa na kosa kubwa, kwani kila muuzaji huanzia juu. Kosa lilikuja katika sala za jumuiya ya Wakatoliki wa mtaa, ambazo juma lile zilifanyika kwa Filomena, mwenyekiti wao. Ulipofika wakati wa kutoa nia, mmoja aliombea mgonjwa, mwingine akaombea mtihani wa mwanawe. Scholastika akasimama, akakaza kitenge chake, akasema kwa sauti ya kusikika hadi uani: "Nyumba yangu ipate mnunuzi kwa milioni themanini. Ee Bwana, twakuomba."

"Utusikie," wakaitikia wote.

Je, msomaji wangu, unaliona alilolifanya? Angeweza kuombea mguu wa mumewe, lakini aliombea bei. Na bei ikishaitikiwa na jumuiya nzima, nani atakuwa na uso wa kuishusha?

Haukupita muda, Frank akamleta Hatibu, mkulima wa mpunga kutoka Dakawa. Aliikagua nyumba taratibu, akavua kofia, akasema, "Mama, nimeipenda. Nina hamsini na nane, nalipa zote kwa mkupuo."

"Labda huko kwenu Dakawa," akajibu Scholastika. "Hapa hatuuzi banda la kuku."

Stefano akainua mkono wake mzima. "Ma... Mama Joyce. Mpe."

"Nyamaza, Baba Joyce. Mungu hajashindwa."

Hatibu hakubishana. Aliushika mkono mlegevu wa Stefano kwa mikono yake miwili, akamwombea afya, akateremka ngazi.

Masika yakaingia. Ngazi zikaota ukungu wa kijani, na Stefano akawa haruhusiwi kutoka tena. Kutoka barazani akahamia sebuleni, kutoka sebuleni akahamia kitandani. Wapiga simu walisikia bei, wakakata. Frank akapanda kwa mara nyingine, viatu vimejaa tope.

"Shikamoo, mama. Nakusihi, tushushe. Bei hii inafukuza watu."

"Marahaba. Nilishaiombea, Frank. Nikiishusha, watasema nini kwenye jumuiya? Kwamba sina imani?"

"Mama, hata Mungu akija kununua mwenyewe, ataomba apunguziwe."

Alimfukuza kwa ufagio. Lakini usoni hakuwa na hasira. Alikuwa na aibu. Sokoni alianza kupita njia ya nyuma ili asiulizwe, "Vipi nyumba, bado?" Jumuiya akaikwepa, leo kichwa kinauma, juma lijalo ana mgeni. Na kila alipomgeuza mumewe kitandani aliuona ule mguu, kisigino kimeinuka na vidole vimekunjamana, naye akaufunika haraka kama mtu anayeficha kitu cha wizi.

Zamu haikwepeki. Jumamosi moja jumuiya ilipangiwa kusali kwake. Badala ya kutandika mikeka, Scholastika alifunga mlango na madirisha, akaketi gizani karibu na kitanda, kidole mdomoni.

Wakaja. Alisikia miavuli ikikung'utwa barazani.

"Hodi! Tumsifu Yesu Kristo!" aliita Filomena.

Scholastika akamtikisia mumewe kichwa asiitikie.

"Wametoka, labda," sauti nyingine ikasema. "Atoke aende wapi na mgonjwa?" ikajibiwa. Kisha Filomena akarudia: "Tumsifu Yesu Kristo!"

Hapo kitandani sauti ikapanda, nzito, ya mtu anayesukuma jiwe: "Mi... milele... amina."

Scholastika alitamani sakafu ipasuke immeze. Nje hakuna aliyecheka, jambo lililomchoma zaidi. Akainuka, akafungua.

Walisali. Ulipofika wakati wa nia, alisimama mwisho, macho sakafuni. "Niliwaombesha bei," alisema. "Kwa kuona haya kuishusha mbele yenu, nimemfungia mume wangu ndani. Leo nauza kwa hamsini. Mwombeeni mguu wake. Ee Bwana, twakuomba."

"Utusikie," wakaitikia.

Baada ya sala Filomena akamshika bega. "Kwani ulitaja ngapi siku ile, dada? Mimi hata sikumbuki."

Akawatazama wengine. Hakuna aliyekumbuka.

Asubuhi iliyofuata alimwita Frank. Hatibu alikwisha kununua nyumba kwingine mjini, lakini mnunuzi mwingine alipatikana mara masika yalipokwisha. Wakahamia Kihonda, kwenye nyumba ndogo yenye uwanja bapa kama meza.

Siku ya kwanza Scholastika alimvisha Stefano viatu. Cha kushoto kiliingia. Cha kulia alikijaribu, akalegeza kamba zote, akajaribu tena. Mguu uliokunjamana haukukubali. Akamkalisha kwenye kiti mlangoni, akapiga magoti mbele yake, kiatu bado mkononi.

Stefano aliutazama uwanja kwa muda mrefu. "Pa... pazuri," alisema.

Scholastika hakuweza kuinua uso wake.

MAFUNZO

Ndugu zangu, bei ni maneno yetu wenyewe, na neno tulilolisema sisi tunaweza kulibadilisha. Anayeshusha bei ya nyumba hajajishusha mwenyewe, wala hajamkana Mungu. Tunapotoa nia, tuombee watu wetu. Namba tuwaachie madalali. Tena tusiwaogope majirani kwa mambo ambayo wao walikwisha kuyasahau njiani wakirudi kwao. Kabla ya kusema "sipunguzi", ingia kwanza chumba cha ndani, umtazame anayeilipa bei hiyo.