Kipengele cha Sita

Kitambaa kilikuwa kimebaki mita nne tu, na watu wawili walikishika kwa wakati mmoja.

Ilikuwa siku ya soko Murongo. Malori ya ndizi yalikuwa yamejipanga hadi karibu na daraja, bodaboda walipishana na wanawake waliobeba mabeseni ya dagaa, na redio za maduka matatu zilishindana kupiga kelele. Joviana, muuguzi, alikuwa ametoka Isingiro asubuhi kwa jambo moja tu: pazia la chumba cha kujifungulia cha zahanati yake. La zamani lilikuwa limechakaa mpaka aliyekaa kwenye benchi la nje aliweza kuona miguu ya mzazi. Sasa alikuwa amepata anachokitaka, kitambaa cha njano chenye maua madogo meupe, na upande wa pili wa meza kijana mrefu, shati lake limepigwa pasi mpaka mikono ina mistari, alikuwa amekishika kama cha kwake.

"Kaka, samahani, mimi ndiye nimekishika kwanza," alisema Joviana, kwa sauti ndogo iliyomfanya ajikasirikie mwenyewe.

"Wewe umekishika kwanza, mimi nimekiona kwanza. Tufanyeje, dada?"

"Mwanamume na maua, unakipeleka wapi?"

"Juu ya meza ya ofisi. Ina mikwaruzo."

"Mimi nakwenda kuwasitiri wanaojifungua."

Shadya, mwenye duka, aliacha kutafuna karanga. "Mwachie sista, mwanangu. Meza haina aibu."

Kijana alicheka, akakiachia. Halafu akakishika tena upande wake ili Shadya apate kupima, na walipokuwa wakikinyoosha, yeye huku na Joviana kule, aliuliza sista ni wa zahanati gani.

"Isingiro. Umoja wa Zahanati za Vilimani."

"Ala! Wewe ndiye mfawidhi wa Isingiro? Basi mimi, katibu wa Umoja, ninakuandikia barua kila Ijumaa, na hujawahi kunijibu zaidi ya maneno matatu."

Joviana alimtazama upya. Mwaka mzima alikuwa akiliona jina la mwandishi chini ya ukurasa. "Wewe ni Dastan? Nilijua ni mzee. Unaandika kama mzee."

"Na wewe unajibu kama polisi."

Umoja ulikuwa na zahanati kumi na moja, katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, na makao yake yalikuwa Kayanga. Kila Ijumaa makao yaliwatumia wafawidhi wote, wasimamizi wa zahanati, taarifa za uongozi kwenye simu: dawa zilizobadilishwa, fomu mpya, tarehe za mafunzo, utaratibu wa kuwatembelea wazee wasio na ndugu. Kila mfawidhi alitakiwa ajibu "Nimesoma na kuelewa" kabla ya saa kumi na mbili jioni. Asiyejibu alipigiwa simu na Daktari Aristides mwenyewe, na hakuna aliyependa kupigiwa simu na Daktari Aristides.

"Tatizo ni mtandao," Joviana alijitetea. "Sauti inafika kwangu, lakini faili lako linazunguka tu. Mpaka nipande kwenye jiwe kubwa nyuma ya shule ndipo linafunguka. Mvua ikinyesha nalowa kwa ajili yako."

"Basi usilowe tena, sista. Nitakusomea."

Alidhani ni maneno ya sokoni. Ijumaa ile ile, saa kumi na moja, simu iliita.

*

Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, kwa vipengele. Dastan alisoma, Joviana alisikiliza akiwa amekaa kwenye ngazi ya zahanati, viatu amevua, mguu mmoja juu ya mwingine. Hakuwa msichana wa maneno mengi. Chuoni wenzake walimwita Bi Kimya. Lakini kwenye simu, bila macho ya mtu usoni pake, alijikuta anataniana.

"Kipengele cha kwanza," Dastan alisoma kwa sauti ya mkutano. "Glovu za vipimo zitapungua mwezi huu, wafawidhi wazitumie kwa uangalifu. Kipengele cha pili. Mfawidhi wa Isingiro ana sauti inayomzuia katibu kulala."

"Hicho hakimo."

"Kimo. Panda kwenye jiwe ukakitafute."

"Dastan, Bi Mukabera anasikia."

"Mwambie shikamoo. Mwambie mkwe wake anamsalimia."

Bi Mukabera, mhudumu wa zahanati, mama wa miaka hamsini na kitu aliyezoea kuoshea vifaa vyake pale pale chini ya dirisha, alijibu marahaba kwa nguvu mpaka Kayanga wakasikia.

Msimu wa senene, panzi wa kukaanga, ulipofika, Joviana aliwachambua na kuwakaanga mwenyewe, akawafunga kwenye jani la mgomba kama mama yake alivyofanya kule Muleba, akampa dereva wa Umoja apeleke. Kwao mwanamke hamfungii senene mwanamume yeyote tu. Dastan alijua, maana na yeye ni wa Muleba. Wiki iliyofuata dereva alirudi na gauni la kitenge cha bluu, limekatwa vizuri kiunoni, na karatasi: *Nimekula. Nimeshiba. Vaa twende tukaonane na wazazi.*

Alilivaa Jumapili kanisani, na njia nzima alitembea ameinamisha kichwa ili watu wasione anavyotabasamu.

Tangu wakati huo hakupanda tena kwenye jiwe. Ya nini? Dastan akimaliza kusoma, yeye aliandika "Nimesoma na kuelewa", akatuma.

Kuna Ijumaa moja tu aliyokaribia kugundua jambo, na asijue. Dastan alisoma kipengele cha tano, kuhusu chanjo, kisha akasema, "Cha saba, likizo za Desemba."

"Mbona umeruka cha sita?"

"Ni mambo ya madereva na matairi, mpenzi. Hakikuhusu."

"Haya. Endelea, baba wa matairi."

*

Wiki tatu baadaye, Jumatatu asubuhi, gari la Umoja liliingia uwanjani pa zahanati. Joviana alitoka akikimbia, akidhani ni dawa. Dereva hakumtazama usoni. Alimpa barua.

Barua ilisema kwamba huduma ya kujifungulia katika zahanati ya Isingiro imesitishwa kuanzia siku hiyo. Kitanda cha kujifungulia kihamishiwe Kayanga. Mfawidhi naye ajiandae kuhamia huko mwisho wa mwezi.

Alimpigia Daktari Aristides pale pale.

"Shikamoo daktari. Mbona hatukuambiwa?"

"Marahaba. Mliambiwa, sista," sauti ya mzee ilikuwa imechoka, haikuwa kali. "Zahanati zenye wazazi wachache zilipewa siku kumi na nne kueleza kwa nini chumba kisifungwe. Wenzako wawili waliandika, vyumba vyao vimebaki. Wewe ulithibitisha umesoma na kuelewa, halafu ukanyamaza. Nikajua umekubali."

"Wazazi wachache? Daktari, rejista yangu ina kumi na tisa kwa miezi mitatu."

"Mfumo wa kompyuta unaonyesha wanne."

"Takwimu za hapa hazipandi kwenye mfumo bila mtandao, daktari!"

"Hilo ndilo ulilotakiwa kuliandika, mwanangu."

Joviana alipanda kwenye jiwe akiwa na sare yake nyeupe na viatu vya ndani. Alifungua faili la Ijumaa ile. Lilizunguka, likazunguka, likafunguka. Kipengele cha tano, chanjo. Kipengele cha saba, likizo. Na katikati, kwa herufi nyeusi nzito, Isingiro ikiwa imetajwa kwa jina lake, kipengele cha sita. Hakikuwa na dereva wala tairi.

Aliketi. Alilisoma jina lililo chini ya ukurasa mara nyingi, kama mtu anayesoma jina la mgeni.

Alipoteremka, kitanda kilikuwa kimeshapakiwa. Bi Mukabera alikuwa amesimama mlangoni, pazia la njano limekunjwa kifuani pake. "Hili halimo kwenye barua yao," alisema. "Hili hawalichukui."

Dastan alimpigia Joviana mara sita siku hiyo. Hakupokea.

Jumatano, Speciose, jirani aliyekuwa na mimba ya tatu, alishikwa na uchungu saa nne asubuhi. Wawili wa kwanza alikuwa amejifungulia hapo hapo, mikononi mwa Joviana, na kliniki ya mwisho alikuwa ameambiwa aje bila wasiwasi, chumba kipo. Sasa alipandishwa bodaboda kuelekea kituo cha mbali, Joviana akifuata kwenye bodaboda ya pili na mkoba wa vifaa. Hawakufika hata nusu ya njia. Mtoto alizaliwa pembeni ya shamba la kahawa, juu ya kanga mbili na koti la dereva wa bodaboda, manyunyu yakianguka. Alilia, ashukuriwe Mungu. Mama alitokwa na damu nyingi, na ilichukua muda mrefu sana kabla haijapungua.

Speciose alipoweza kusema, alimtazama Joviana kwa macho yasiyo na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Sista, uliniambia chumba kipo."

Joviana aliendelea kumfunga kanga. Angejibu nini? Kwamba na yeye aliambiwa ni mambo ya matairi?

*

Alhamisi alikwenda Kayanga. Alivaa gauni la bluu, si kwa kumpendeza mtu. Alitaka kulirudisha akiwa amelivua mbele yake, kisha kabla hajatoka akaona aibu, akabeba gauni jingine la kubadilisha kwenye mfuko. Mwishowe aliingia ofisini akiwa nalo mwilini, na mfuko mkononi, na hakujua afanye nini na vyote viwili.

Dastan aliinuka kwa haraka, kiti kikaanguka. "Jovi! Siku nne hupokei simu. Nimekaribia kuja."

"Kipengele cha sita ni cha matairi?"

Alifumba macho. "Kaa kwanza, mpenzi."

"Nisomee. Nimekuja unisomee."

"Jovi, sikiliza. Nililiona jina lako kwenye orodha kabla haijatoka. Kama chumba kikifungwa, unaletwa hapa. Hapa, Kayanga! Nimepanga nyumba ya vyumba viwili, ina jiko zuri, ina maji. Nimenunua pete. Niliona wazazi wanne tu, nikasema hata akijitetea watafunga, wiki mbili za kulia bure. Nikaona nikuepushie."

"Wapo kumi na tisa."

"Mfumo ulisema—"

"Sikuulizi mfumo. Wewe uliniuliza mimi?"

Dastan aliinama kukiinua kiti.

"Kila Ijumaa unaniuliza nimekula nini, nimevaa nini, nimekuwaza mara ngapi. Hilo moja hukuuliza. Kwa nini?"

"Ningekuuliza, ungekataa kuja," alisema polepole.

"Basi ulilijua jibu langu. Ukaenda ukalizunguka."

"Nilifanya kwa sababu nakupenda."

"Speciose kajifungulia njiani, Dastan. Kwa sababu unanipenda."

Dastan hakuwa amesikia habari hiyo. Akafungua droo, akaifunga tena bila kutoa kitu, na Joviana akajua pete iko humo. Moyo wake ulimuuma kwa namna asiyoitarajia, maana alikuwa bado anaitaka. Hilo ndilo lilimtia hasira zaidi ya yote.

"Nifanye nini?" aliuliza Dastan. "Niambie, nitafanya."

"Wewe si ndiye unayeandika? Andika."

Akageuka, akaondoka na gauni lake mwilini.

*

Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa kumi na moja kasorobo, alipanda kwenye jiwe. Mawingu yalikuwa mazito upande wa Uganda. Alishika simu juu kama anayeonyesha kitu kwa mbingu, na faili likafunguka.

*Kipengele cha kwanza. Mwandishi wa taarifa hizi alimsomea mfawidhi wa Isingiro taarifa kwa simu, na kwa makusudi akaruka kipengele cha sita. Mfawidhi alithibitisha akiamini amesomewa vyote. Kosa ni la mwandishi peke yake.*

*Kipengele cha pili. Zahanati ya Isingiro inapewa siku kumi na nne kuwasilisha maelezo na rejista yake. Kitanda kinarudishwa na uhamisho wa mfawidhi unasimama mpaka maelezo yasikilizwe.*

*Kipengele cha tatu. Kuanzia wiki ijayo taarifa hizi zitaandikwa na mtu mwingine.*

Aliendelea kusoma hadi cha tisa, kilichohusu mifuko ya taka. Alikisoma chote, neno kwa neno. Ndipo simu ilipoita.

"Jovi." Alikuwa Dastan. "Imefika?"

"Imefika."

"Nikusomee?"

"Nimeshasoma mwenyewe. Vyote tisa."

Upepo ulipita kwenye majani ya migomba chini yake. Alisikia anavyopumua kule Kayanga, kama alivyomsikia Ijumaa nyingi.

"Nimemweleza Daktari Aristides yote, wamenitoa kwenye uandishi," alisema Dastan. "Sijali. Nilitaka wote wajue haikuwa wewe."

"Najua. Umeandika vizuri. Asante."

"Na sisi je, mama? Nyumba ipo. Naweza kungoja. Naweza kuhamia huko Isingiro, nikalime kahawa."

Alitabasamu kidogo bila kupenda, na machozi yakashuka wakati huo huo. "Wewe na jembe," alisema. Kisha akajikaza. "Dastan, nikikaa na wewe, kila utakachoniambia nitakuwa nahesabu. Moja, mbili, tatu. Naangalia ulichoruka. Hata ukiniambia chai iko tayari, nitakwenda jikoni kuhakikisha. Siwezi kuishi hivyo, na wewe hutaweza."

"Nitabadilika."

"Labda. Lakini sitakusikiliza tena nikiwa nimefumba macho, na mimi nilikupenda hivyo."

Hakuna aliyekata simu. Walingoja wote wawili, mpaka mtandao wenyewe ukakatika.

Aliandika "Nimesoma na kuelewa", akatuma, akateremka kabla mvua haijamkuta. Gari la Umoja lilikuwa limefika akiwa juu ya jiwe; kitanda kilikuwa kimeshashushwa, kimerudi mahali pake, na Bi Mukabera alikuwa amekifuta. Gauni la bluu lilikuwa limekunjwa kwenye mfuko, tayari kwa dereva. Bi Mukabera aliuona mfuko, akamtazama Joviana, akausogeza karibu na mlango.

Joviana alipanda juu ya kiti chini ya dirisha. Pazia la njano lilikuwa kwenye mikono yake, mita nne.

"Shika upande ule, mama," alisema. "Ukaze."