Chura wa Esha

Mwaka ule wa vita vya Maji Maji, askari wa Mjerumani walilinda kisima cha bondeni, chini ya Newala. Huko ndiko watu wote wa juu walikoteka maji. Halfani, mkewe Sikuzani na binti yao Esha walijificha vichakani, ukingoni mwa mlima, pamoja na jirani yao Bibi Fatu. Kibuyu kilikuwa kitupu. Midomo ya Esha ilikuwa imepasuka.

Halfani hakutulia. Alikaa, akasimama, akachungulia bondeni. Asubuhi alimwona mjusi akiingia ardhini, akachimba pale kutafuta maji hadi kucha zikauma. Alipata vumbi tu, maskini.

"Nashuka kisimani," alisema.

"Watakupiga risasi, Baba Esha!" Sikuzani alimshika mkono.

"Kwa hiyo mtoto afe kwa kiu?"

"Ngoja kwanza," alisema Bibi Fatu. "Mjusi alikudanganya. Mjusi, nyoka na kobe ni kundi moja. Ngozi zao ni kavu, zina magamba. Wengi wao hukaa hata pasipo maji."

"Na popo, Bibi?" Esha alinong'ona. "Ni ndege?"

"Hapana. Ndege ana mdomo mgumu na mabawa ya manyoya, naye hutaga. Popo ana nywele, huzaa na kunyonyesha, sawa na mbuzi na sisi watu. Samaki ana mapezi, huishi majini. Lakini leo tunamtaka chura. Ngozi yake ni laini, ina unyevunyevu. Ikikauka, anakufa. Hawezi kukaa mbali na unyevu."

Esha aliruka. "Nilimwona! Jana, chini ya jiwe lile! Nilitaka kusema, mkanifokea ninyamaze!"

Wakubwa walitazamana kwa aibu.

Walikwenda wakitambaa. Halfani aliinua jiwe. Chura alikuwepo, amejikunyata kwenye udongo mweusi. Halfani alichimba kwa kijiti. Tope lilitokea, kisha maji, polepole mno. Sikuzani aliyachuja kwa kitambaa, akamnywesha Esha kwanza. Sikuzani alilia kwa furaha bila kutoa sauti.

Ghafla bunduki zililia bondeni, upande wa kisima. Wote waliinama.

Halfani alimchukua chura kwa mikono miwili, akamrudisha mahali pake, akamfunika majani mabichi. Kisha akakaa chini kando ya binti yake, wala hakusimama tena.

"Haya, mwanangu," alinong'ona. "Jana uliona nini kingine? Niambie."