Usinyweshe Mwaloni Maji ya Moto

Damaris alifungua mfereji wa maji baridi ili aoshe vikombe, akaruka nyuma.

"Uwi! Mkono wangu!"

Mumewe Silvesta alicheka akiwa mezani. "Mama Tiffany, kila kiangazi mfereji unakuunguza kama mgeni. Hii ni Doha, ni mwezi wa saba. Tangi liko juu ya paa, na jua linalichemsha mchana kutwa. Ungetia majani tu hapo tungekunywa chai."

"Cheka tu," Damaris alisema akipuliza vidole. "Wewe kazini kwenu hotelini kuna baridi mpaka mnavaa sweta."

Waliishi mtaa wa Muaither, katika nyumba kubwa iliyogawanywa vyumba vya kupangisha. Upande wa pili wa ua aliishi Umm Nizar, mama wa Kilebanoni mwenye sauti kubwa na mkono wa kutoa. Akipika, lazima sahani ivuke ua. Damaris naye akikaanga maandazi, sahani hairudi tupu.

Lakini kiangazi hicho Umm Nizar alikuwa amekwenda kwao Lebanoni kumwona mama yake. Alikuwa amemwachia Damaris makopo matatu ya rangi yaliyojazwa udongo. Kila kopo lilikuwa na mche mmoja, mfupi kuliko mwiko.

"Habibti, mpenzi wangu, hawa ni watoto wangu," alimwambia siku ya kuondoka. "Ni mialoni, kutoka kilima cha marehemu baba."

Damaris aliujua mwaloni kwa kuusikia katika Biblia tu, ule mti ambao Ibrahimu alipiga hema karibu nao. Kuuona hakuwahi.

"Mbona usirudi nayo nyumbani?"

"Sasa hivi? Itakufa. Kiangazi cha kwetu siku hizi ni kirefu na kikavu. Nitaipeleka mvua zikianza." Umm Nizar akashusha sauti. "Kilimani miti mikubwa ipo. Lakini chini yake hakuna mche hata mmoja. Mbegu ni chache, nazo zinakauka. Niliokota mfuko mzima nikaziotesha huku dirishani. Zilizoota ni hizi tu. Zikifa, sijui kama mwaka huu nitapata nyingine."

Ndipo wasiwasi ulipomwingia Damaris, naye ni mama ambaye mtoto akipiga chafya moja tu, yeye ameshatafuta kipimajoto. Aliyaweka makopo uani, penye mwanga. Kila akiliona jua linawaka, alitoka mbio na jagi la maji. Saa sita alitoka, saa nane akatoka tena.

"Kunyweni, kunyweni," aliyaambia. "Jua hili lingeua hata ngamia."

Haikupita wiki mbili, majani yakaanza kujikunja. Kingo zikawa za kahawia. Damaris akaongeza maji. Majani nayo yakazidi kukauka.

"Silvesta, watoto wa watu wanakufa mikononi mwangu. Umm Nizar akirudi nitamtazamaje?"

"Mpigie Rael wa kwaya. Si yeye alisomea misitu? Na kampuni yao ndiyo inayopanda miti ya barabarani."

"Kesho ni Ijumaa, siku yetu ya ibada. Nitampelekea mgonjwa mwenyewe."

Basi Ijumaa Damaris aliingia kwenye teksi akiwa amepakata kopo kama mtoto mchanga. Huko Mesaimeer, kwenye lango la ua wenye makanisa yote ya mjini, mlinzi aliyekagua mizigo alikuwa Kiprop, kijana wa Eldoret.

"Mama, na huyu tena ni nani?"

"Ni mgonjwa, Kiprop. Nipishe."

"Amekuja kuombewa au kubatizwa?"

"Amekuja kuona daktari. Na ukiendelea, wewe ndiye utakayehitaji kuombewa."

Foleni yote iliangua kicheko. Kiprop aliligeuza kopo, akachungulia, akampisha.

Baada ya ibada, Rael alichuchumaa kivulini, akachokoa udongo kwa kidole.

"Unanywesha maji gani?"

"Ya mfereji."

"Saa ngapi?"

"Mchana, jua likiwa kali. Si ndipo unaona kiu?"

"Damaris, mchana huo wewe unaweza kuoga maji ya mfereji?"

"Nani? Ngozi itoke?" Damaris alilitazama kopo. Akajishika mdomo. "Rael! Nimeichemsha! Nimeichemsha miti ya mwenyewe kama ndizi!"

Rael alijikaza asicheke, akashindwa. "Umeiunguza mizizi. Na kopo lenyewe ni bati, juani linakuwa sufuria. Usilie. Kuna jani dogo bichi hapa katikati. Huu haujafa."

"Lakini Umm Nizar anasema hata kwao inakufa, na huko ni milimani, kuna baridi. Huko nani anaichemsha?"

"Ni sisi sote." Rael alikaa chini vizuri. "Sikiliza. Tunachoma mafuta, gesi na makaa ya mawe, tunakata misitu. Hewa chafu inakaa juu kama blanketi, na joto linashindwa kutoka. Dunia inapata moto kidogo kidogo. Kwa kina Umm Nizar mvua zinachelewa, theluji ya milimani inapungua, kiangazi kinarefuka. Mti hauna miguu, hauwezi kuhama."

"Kwa hiyo unafanyaje?"

"Unafunga vitundu vya majani ili usipoteze maji. Lakini ni kwa vitundu hivyo hivyo unavuta hewa ya kutengenezea chakula. Ukivifunga muda mrefu, unashinda njaa. Haukui, na unazaa mbegu chache. Mti wenye njaa ni dhaifu, na wadudu wanautoboa. Majani makavu yakijaa chini, moto ukija unateketeza yote."

"Mbona miti mikubwa bado imesimama?"

"Ina mizizi mirefu, inafikia maji ya chini. Mche hauna. Ndiyo maana ukiutazama msitu kwa mbali unasema ni mzima. Ingia ndani sasa. Ni kama kijiji cha wazee watupu, hakuna hata mtoto anayelia. Wazee wakiondoka, kijiji kimekwisha."

Damaris alimtazama Tiffany, binti yake, aliyekuwa akikimbizana na wenzake kando ya ukuta.

"Na kwetu Kakamega?"

"Hata kwetu. Miti ni mingine, lakini joto ni lile lile."

"Basi usinitishe tu. Niambie la kufanya."

"Kwanza, itoe juani. Iweke ndani, karibu na dirisha lenye mwanga, jua kali lisiipige. Kopo liingize ndani ya beseni la mchanga, mizizi isipikwe. Maji yateke, yaache ndani ya nyumba mpaka yapoe. Au tega ndoo kwenye bomba la AC. Yale maji yanayodondoka ni baridi na hayana chumvi. Mwagilia asubuhi mapema, na uguse udongo kwanza. Ukiwa na unyevu, acha. Maji mengi nayo yanaozesha."

"Na Umm Nizar?"

"Mwambie aombe kibali cha kusafirisha mimea. Apande mvua zikishanyesha vizuri, siyo kwa kufuata kalenda ya wazee. Apande upande wa kilima usiochomwa na jua la mchana, karibu na kichaka cha kuikinga."

Jioni hiyo hiyo Damaris alihamisha makopo. Ndoo ikategwa chini ya AC. Asubuhi Tiffany akawa wa kwanza kuchovya mkono.

"Mama, yana baridi! Ipe miche sasa!"

Mche mmoja haukupona. Damaris aliung'oa kwa uchungu. Lakini miwili ilisimama, na kabla mwezi wa nane haujaisha, ikatoa majani mapya, madogo, yanayong'aa kama yamepakwa mafuta.

Umm Nizar aliporudi, Damaris alimweleza yote hata kabla ya salamu kwisha. Umm Nizar alihesabu makopo kwa macho. Kisha akamkumbatia mpaka mbavu zikalia.

"Miwili! Mimi kwetu sikuona hata mmoja!"

Sasa wewe mama unayesoma hapa, usidhani haya ni ya Lebanoni au ya Doha. Tembea chini ya miti ya kwenu utazame. Kama kuna miche, ikinge na jua na moto. Kama hakuna, usisubiri miti mikubwa ianguke ndipo ushtuke. Otesha mingine sasa.

Mvua zilichelewa tena kule kilimani, na Umm Nizar alizisubiri. Zilipokubali, alisafiri na miche yake na kibali chake. Siku chache baadaye akampigia Damaris kwa video. Mialoni miwili ilikuwa imesimama kando ya kichaka, majani yamelowa. Pembeni yake, kwenye kiti cha plastiki, alikaa bibi mmoja mzee sana, amejifunika blanketi, ameshika fimbo.

"Huyo ni mama," Umm Nizar alisema.

"Mbona yuko nje na mvua hii?"

"Anafukuza mbuzi. Tumembembeleza tangu asubuhi, amekataa kuingia ndani."