Uji wa Kina Dunlarrie

Haya yalimpata jirani yangu Priscilla, tunayeishi naye mlango kwa mlango hapa Barking, huku ughaibuni. Mkiniuliza kama naogopa, nitawaambia ukweli: siogopi. Nimekufa ganzi tu. Nakwenda kazini, narudi, napika, na chakula hakina ladha.

Priscilla alikuwa akitunza wazee majumbani mwao. Asubuhi moja ya manyunyu, siku ya kawaida kabisa, alikwenda Harrow kwa mzee Mskoti aitwaye Dunlarrie. Kazi yake ilikuwa kumwogesha, kumbadilishia shuka na kumpa dawa. Mzee hakuwa na mke wala mtoto. Priscilla mwenyewe alikuwa na mimba kubwa, hata kuinama kufunga kamba za viatu ilikuwa taabu.

Siku hiyo mzee aliamka na nguvu, akapika uji mwenyewe. Uji wa oats, wa chumvi, bila sukari wala maziwa. Jamani, uji wa chumvi! Akamwekea Priscilla bakuli, akaketi kumtazama, akaanza kumsimulia jina lake lilikotoka.

Alisema Dunlarrie wa kwanza alikuwa bwana wa bonde moja huko Uskoti, ila hakuwa na watu. Mwaka wa njaa akaweka pipa la unga mlangoni. Anayetaka kula aingie, mradi akubali kuitwa Dunlarrie. Watu waliingia na majina ya baba zao, wakatoka wameshiba na jina la bwana, na kwao hakuna aliyewaulizia tena. Babu wa babu yake alikuwa mmoja wao. Tangu hapo, kila jina lilipokosa wana, lililisha mtu wa nje.

“Sisi hatukuzaliwa,” mzee akamwambia kwa sauti ya chini. “Tulilishwa.”

Mwingine angesema asante, nimeshiba, akaondoka zake. Lakini Priscilla ni wa Siaya, na hata mimi wa Nyeri ningefanya vilevile: chakula cha mzee hukikatai, na ukishakianza unakimaliza. Alikula hadi akakwangua bakuli. Jioni alinihadithia yote akicheka, mkono tumboni. Wiki hiyohiyo mzee akafariki.

Mtoto akazaliwa, wa kiume, sura ya baba yake hasa, Jotham, mumewe Priscilla. Na kilio. Mama yangu! Alilia kutwa, titi halitaki, chupa haitaki. Hospitali wakampima, wakasema yuko sawa. Yuko sawa vipi na mbavu zinahesabika?

Sasa Wajaluo wana desturi yao. Mtoto akilia hivyo, kuna marehemu wa ukoo anayetaka jina lake lirudi. Watu wazima wanataja majina ya wafu, moja baada ya jingine, na analonyamazia ndilo lake. Sisi Wakikuyu hatuna mjadala huo, mvulana wa kwanza ni babu mzaa baba, basi. Nilizoea kumtania Jotham: “Nyinyi mnapigisha wafu kura.”

Jumamosi ile sikutania. Mama mkwe wa Priscilla alikuwa kwenye simu ya video kutoka Siaya. Alitaja mababu, mashangazi, hadi mjomba aliyezama ziwani. Mtoto analia tu, sauti imeshakauka. Mama mkwe akaishiwa. Priscilla akainua uso, nikajua anachofikiria.

“Usilitaje,” nikamnong'oneza.

“Hajanyonya, Shiku,” akasema. “Atanifia.”

Akalitaja. Dunlarrie.

Kimya.

Mtoto akageuza kichwa, akashika titi, akanyonya. Jotham alilia kwa furaha. Mama mkwe bado alikuwa anatabasamu kwenye simu, akitutazama mmoja mmoja.

“Haya, wanangu,” akasema. “Mlinipigia kuna nini?”

“Mtoto, Mama,” Jotham akajibu. “Amenyamaza.”

“Mtoto yupi?” Akacheka kwa upole. “Msiwe na haraka. Mungu atawapa tu.”

Tukasema ni uzee. Kesho yake Jotham akatoka kazini, akanikuta sebuleni kwao nimempakata mtoto.

“Shiku, leo unamlelea nani?”

Hakuwa anatania. Nilimfungulia picha kwenye simu yake mwenyewe, amemshika mtoto wodini, macho mekundu kwa kulia. Akazitazama. “Huyu ni mimi,” akasema. Basi. Akaenda kubandika maji ya chai. Mimi si damu ya mtoto yule, labda ndiyo maana nakumbuka.

Priscilla alipigana. Alimfunga mgongoni kutwa, akimwambia wewe ni wangu, wewe ni wangu. Akaniomba kila nikiingia nimuulize, huyu ni nani? “Mwanangu,” alijibu haraka. Siku zikapita. Akawa anafikiri kwanza. Kisha akawa anamtazama mtoto, ananitazama mimi, anajibu kama mwanafunzi aliyekariri.

Jana alasiri akagonga mlango wangu. Alikuwa amemshika mtoto kwa mikono miwili, mbali na kifua. Usoni hakuwa na huzuni. Hakuwa na chochote.

“Shiku,” akanong'ona, “nimemkuta kitandani kwangu. Hebu waulize watu wa jengo hili. Mama yake atakuwa anamtafuta.”

Nikampokea. Mtoto alikuwa mzito, ameshiba, macho makavu. Priscilla akageuka aende zake, kisha akasimama kwenye korido, akaivuta blauzi yake na kuinusa. Kifuani ilikuwa imelowa chapachapa, maziwa yakichuruzika hadi kiunoni.

“Sijui hii imetoka wapi,” akasema, akaingia kwake, akafunga mlango.